Kizibao cha Saeed

Mume wangu alipofariki nilifanya kila kitu kama ipasavyo. Nilikaa eda ndani ya nyumba yetu ya Al Khoudh, hapa Maskati, sikutoka, sikutia hata wanja, na nguo zake zote nikazitoa sadaka. Hivyo ndivyo tulivyolelewa sisi: nguo za maiti hazibaki kabatini kumngoja mtu asiyerudi. Kanzu zake, kofia zake, viatu, mpaka soksi, nilizikunja kwa mikono yangu nikazitia mifukoni. Na kile kizibao chake cha pikipiki nacho nikakikunja nikakitia humo humo. Nguo ni nguo.

Kumbe kwa wenyewe ile haikuwa nguo.

Saeed alikuwa fundi wa magari jeshini maisha yake yote. Wenzake wakistaafu hununua mbuzi au shamba la mitende, yeye akanunua pikipiki kubwa, ukiiwasha paka wa mtaa mzima wanakimbia. Akaingia kwenye kundi la wastaafu wenziwe, askari watupu, wengi wao watu wa kwetu waliokulia Unguja na Pemba, wanaojiita Tai wa Jabali. Kila Ijumaa asubuhi walifuatana msafara mmoja mpaka Sidab, wakashukia Bustan, wakarudi kunywa chai kwangu. Mimi nilikuwa jikoni na vitumbua, wao majlis wanacheka na kupigiana uongo wa jeshini. Sikukaa nao hata siku moja, haifai, lakini nilizijua sauti zao zote, na wakiondoka mmoja mmoja alipaza sauti kutoka ukumbini, "Bi Balqees, tumeshiba!" Nyumba ilikuwa na watu.

Sasa hicho kizibao. Ni cha ngozi nyeusi, hakina mikono, na wanakivaa juu ya kila kitu kwa joto hili la Maskati, jasho likiwatiririka. Mgongoni kuna nembo kubwa ya yule tai wao. Kifuani kuna vijitambaa vidogo: kikosi alichotumikia mtu, jina lake, na upande wa moyo, majina ya wenzao waliokufa. Vyote vimeshonwa juu ya ngozi kama viraka. Nilimcheka sana Saeed. Nikamwambia kwa wazee wetu kiraka ni aibu ya asiyekuwa na nguo ya pili, nyinyi mmekifanya cheo.

Yeye hakucheka. Kwa mambo ya kizibao hakuwa na mzaha. Aliniambia ile nembo ya mgongoni haiuzwi wala haiombwi. Mtu husafiri nao mwaka mzima akiwa hana kitu mgongoni, wamtazame tabia, ndipo apewe. Kizibao hakiwekwi chini. Hakiguswi na mtu mwingine bila ruhusa. Asiyetumikia jeshi havai, na aliyetumikia havai kikosi kisichokuwa chake. Na siku mtu anapopewa nembo, lazima aishone mwenyewe kwa mkono wake. Mimi ninashona tangu msichana, nimewashonea maharusi wa ukoo mzima, na cherehani ilikuwa pale pale, lakini Saeed alikaa sebuleni na sindano ya magunia akajichoma vidole mchana kutwa. Mishono yenyewe ilikwenda upogo. Niliitazama nikaumwa na macho.

Basi eda ikaisha. Mlango ukawa wazi, na nikangoja watu. Binti yangu yuko Salalah na mumewe, Yazan yuko Uingereza na masomo yake yasiyokwisha. Wanapiga simu, wanaulizia dawa zangu, wanakata. Majirani walikuja mwanzo mwanzo, kisha kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Ijumaa ya kwanza nilipika vitumbua kwa mazoea. Nikavila mwenyewe mpaka Jumanne. Wale marafiki wa Saeed hawakutia mguu, na mimi nilijua sababu: nyumba haina mwanamume, wanaume hawaingii. Kujua sababu hakukunisaidia kitu.

Aliyekuja alikuwa Marwan. Huyo ndiye mkubwa wao, afisa mstaafu, familia yao ya Wete, mtu wa heshima zake. Alisimama getini, geti akaliacha wazi makusudi majirani wamwone.

"Bi Balqees, nimekuja kuchukua amana," akasema.

"Amana gani tena?"

"Ile nembo ya mgongoni ya marehemu. Ile si yake, ni ya kundi. Mtu akifa, inarudi kwetu. Vile vya kifuani ni vyenu, na kile cha jina tunakitia fremu tunakuleteeni."

"Nimeshatoa sadaka."

"Umetoa nini?"

"Nguo zake zote, Marwan. Ulitaka nizitie achari?"

Uso ukamshuka. Akataka kukaa, akakumbuka hajakaribishwa ndani na wala hawezi kukaribishwa, akaegemea ukuta. Akanieleza kwamba kuna mtu sasa huko mjini huenda amekivaa kile kizibao, mtu ambaye hakulala jangwani hata usiku mmoja, ana majina ya wafu wao kifuani mwake na hawajui. Akasema ni kama kuvaa nishani ya maiti. Nikamwambia maiti haulizwi sanda, na Saeed kama angekuwepo angesema mwenyewe. Akasema, "Saeed angelia, Bi Balqees." Na ni kweli.

Tangu siku hiyo akawa ananipigia simu. "Umepata habari ya kizibao?" Nikamjibu bado, ninauliza. Kisha nikamuuliza hali ya mkewe na sukari yake, akanijibu, akanikumbusha siku Saeed alipotengeneza gari la kamanda kwa waya wa kuanikia nguo, tukacheka, na dakika zikapita. Baada ya siku mbili tatu alipiga tena. Nilianza kukaa karibu na simu. Nilianza kuyafikiria mapema mambo ya kumuuliza, ili asikate haraka.

Na kizibao nilijua pa kukiulizia. Nguo zote nilimpa Nyamizi, msichana wa Tabora anayefanya kazi kwa jirani yangu, anajuana na wenzake wa bara wote wa huku na ndiye aliyewagawia. Ukuta mmoja tu baina yetu. Ningepaza sauti angeitika. Sikupaza. Kizibao kikipatikana, Marwan atapiga simu kwa nini?

Ikaja siku simu ikalia na sauti ya Marwan haikuwa ile.

"Kimeonekana," akasema. "Awadh wetu kamkuta kijana mmoja kituo cha petroli njia ya Bustan. Mpelekaji vyakula, wa huko bara. Kavaa kizibao cha Saeed, jina lipo kifuani, 'Abu Yazan', na tai mgongoni."

"Sasa?"

"Awadh alikuwa peke yake, hakutaka fujo. Lakini yule kijana kila Ijumaa yuko njia ile. Ijumaa hii tunapita sote, na Awadh kaapa atamvua hapo hapo barabarani."

"Wazee wazima na mvi zenu mtamvua mtoto wa watu nguo barabarani? Mbele ya magari?"

"Ndiyo adabu yetu, Bi Balqees. Nembo haiachwi ikatembea."

"Adabu gani hiyo inayomvua mtu nguo!" Nilimpigia kelele, na mimi kelele zangu Saeed alikuwa akizisikia mpaka msikitini. Marwan akaningoja nimalize. Kisha akasema kwamba kwa kuwa kizibao kimetoka nyumbani kwangu, mimi ndiye mwenye haki ya kukiomba kwanza. Akanipa mpaka Ijumaa.

Nikatoka uani nikamwita Nyamizi ukutani.

"Abee mama!"

"Kile cha ngozi, cha baba, ulimpa nani?"

"Nilimpa Fulgence, mama. Tunasali naye. Hana ndugu hapa, na ile kazi yake ya pikipiki upepo unampiga kifua. Nimefanya vibaya?"

"Hujafanya vibaya. Mwambie nnamtaka."

Kesho yake alasiri nikasikia pikipiki ndogo getini, mlio wake kama cherehani. Nilifungua. Alikuwa amenipa mgongo, anaiegesha, anahangaika na sanduku la vyakula, na mbele yangu palikuwa na mgongo wa Saeed. Tai yule yule, mishono ile ile ya upogo. Nikashika geti. Akageuka, na ilikuwa sura ya kijana mweusi mwembamba, ana kidevu kisicho na ndevu, na kile kizibao kinampwaya mabegani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Fulgence?"

"Ndiyo mama. Nyamizi amesema unaniita. Kama ni oda imechelewa, naomba unisamehe, siyo mimi, ni jikoni."

Nikamkalisha barazani nje, nikamletea maji. Nikamwambia lile lililonifanya nimwite: hicho alichokivaa kilikuwa cha mume wangu, na kina wenyewe, na wenyewe wanakitaka, na Ijumaa wangekuja kumvua kwa nguvu. Nilitegemea atabisha. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, na kusema kweli nilikuwa na hamu ya kugombana na mtu. Yeye akakitazama kifuani, akaligusa lile jina kwa kidole.

"Kumbe ndiyo maana," akasema.

"Ndiyo maana ya nini?"

"Ya salamu." Akacheka kidogo, kwa haya. "Mama, mimi nina mwaka wa pili hapa Maskati. Napeleka chakula, mtu anafungua mlango, anachukua mfuko, anafunga. Wengine hawanitazami hata usoni, wanatazama mfuko. Siyo kwamba ni wabaya, wana njaa. Basi siku ya kwanza nimevaa hiki, niko njia ya Bustan, nikaona mapikipiki makubwa yanakuja upande ule. Yule wa mbele akashusha mkono wa kushoto, vidole viwili, hivi. Na wa nyuma yake. Na wa nyuma yake. Wote, mama! Nikageuka nikadhani kuna mtu nyuma yangu. Hakukuwa na mtu. Walikuwa wananisalimia mimi."

"Wakasalimia kizibao," nikasema. "Kwa mwendo ule sura hawaioni." Ulimi wangu hauna breki.

"Ndiyo. Sasa nimejua." Akanywa maji. "Ndiyo maana Ijumaa nilikuwa naenda kule. Ijumaa asubuhi sina kazi. Nilikuwa naenda tu, napita, wananisalimia, narudi nyumbani nalala. Wiki inakwenda vizuri."

Kwetu husemwa nguo ya kuazima haisitiri matako, na nilikuwa nimeiweka tayari mdomoni, nimchekeshe. Niliimeza. Nilimtazama kijana yule, mtu wa mbali huko na wazazi wake, dini mbali, umri mbali, nikaona kwamba ugonjwa wake na wangu ni mmoja. Yeye alipata salamu kwa kukivaa kizibao, mimi nilizipata kwa kukipoteza.

"Ulikuwa jeshini kwenu?" nikamuuliza. Nilitamani aseme ndiyo.

"Hapana mama. Sijawahi kushika bunduki."

"Hata JKT?"

"Hata JKT. Nilikuwa na kifua."

Basi hapakuwa na mlango wa kutokea. Nikamwambia akivue. Akakivua taratibu, akakikunja, akanipa kwa mikono miwili. Ndani alikuwa na fulana ya mkahawa wao, imepauka.

Nikaleta mkasi mdogo na kile kijichuma cha kufumulia mishono. Nilimwambia nitatoa nembo tu, kizibao chenyewe ni chake, sadaka hairudi. Nikakiweka mapajani nikaanza kufumua. Nimefumua nguo nyingi katika maisha yangu, za watu walionenepa na za watu waliokonda, lakini ya marehemu wangu sikuwahi. Kila mshono ulikuwa umefungwa mara mbili, kisoja, kama vile Saeed aliogopa tai ataruka. Pahali pamoja palikuwa na doa jeusi, nikajua ni pale alipojichoma nikamwambia asinitilie damu kwenye kochi. Nilikuwa ninaikata kazi ya mikono yake, na mwenyewe hayupo wa kunigombeza. Nikalia, bila kujificha. Fulgence akageuza uso akatazama barabara mpaka nilipomaliza. Nilishukuru kwamba hakuniambia pole.

"Na vile vidogo?" akauliza. "Vibaki?"

"Vidogo pia. Hayo ni majina ya watu, mwanangu. Huwajui."

Nilivitoa vyote. Kizibao kikabaki kitupu, na mgongoni pakawa na umbo la tai, jeusi kuliko ngozi nyingine, pale ambapo jua halikufika. Akakivaa. Nikamwambia akae anywe chai, nna vitumbua. Akatazama simu yake.

"Chakula cha watu kinapoa mama," akasema, akaondoka.

Ijumaa Marwan alikuja na wenziwe, msafara mzima, wakazima pikipiki barabarani. Wenziwe walibaki huko. Yeye akaja getini. Nilikuwa nimekifua kitambaa cheupe na kukipiga pasi, nikaifunga nembo ndani yake pamoja na kile cha jina. Akaipokea kwa mkono wa kulia, akaigusisha kwenye paji la uso. Kule barabarani nikamwona Awadh, yule mkali wao, anafuta macho kwa ncha ya kilemba. Sikuweza kuwachukia. Walimpenda mume wangu.

"Allah akujaze kheri, Bi Balqees," Marwan akasema. "Kile cha jina tutakuletea na fremu yake."

"Nna ombi," nikasema. "Yule kijana yuko njiani leo, bila nembo. Mkipita mpungieni mkono."

Marwan alifikiri. Si mtu wa kudanganya. "Salamu ile ni ya wenye nembo," akasema. "Tukimpa kila mtu, aliyeitolea jasho atapata nini?"

"Na mke wa mwenye nembo? Adabu yenu inasemaje juu yake?"

"Mke anapewa kile cha jina. Nimeshakwambia."

"Nimekuuliza mke, Marwan. Sikukuuliza kitambaa."

Nilimwona akitafuta neno, na nilijua kabla hajafungua mdomo kwamba analolitafuta halipo, hakuna aliyepata kulitunga. Akasema, "Ukihitaji chochote, simu zetu unazo." Hiyo ndiyo kauli ya kuagana, sote tunaijua, hata mimi nimewahi kuwaambia wajane wa watu. Nilimwambia ahsante. Wakawasha pikipiki zao, paka wakakimbia, na mtaa ukarudi kimya. Ile fremu aliileta mkewe, akaniachia na sahani ya halua. Simu ya Marwan haikulia tena, na sikumlaumu, hakukuwa na la kuulizia.

Wiki ile ile Fulgence akaja. Hakubisha hodi ya mpeleka chakula, aligonga kidogo tu. Kizibao alikuwa amekishika mkononi.

"Mama, nimekurudishia."

"Sadaka hairudi, nilikwambia."

"Najua. Lakini Ijumaa nilikwenda. Walikuja kama kawaida. Nikashusha mkono mimi kwanza." Akakikunja kizibao upya. "Labda hawakuniona. Jua lilikuwa kali."

"Labda," nikasema.

"Sasa nikikivaa nakumbuka. Afadhali mtu mwingine."

Nilimwomba aingie barazani, nikamwambia safari hii chai iko tayari kabisa, kumimina tu. Sanduku lake lilikuwa linatoa moshi wa biriani ya mtu. Akasema siku nyingine, mama, kweli nitakuja, akanishika mkono, akapanda. Nilimtazama mpaka kona ya duka la dawa. Pengine atakuja. Vijana wa kazi zile wana siku moja ya kupumzika, na siku hiyo wana usingizi wa wiki nzima.

Nikaingia ndani na kizibao. Sikuwa na pa kukiweka, makabati ya Saeed nimeshayajaza mashuka. Kumpa mtu mwingine nilishindwa, kukitupa nilishindwa. Nikasimama nacho katikati ya sebule, kizito, kinanuka petroli na jasho la watu wawili. Mwisho nikakivaa juu ya dera langu, nikaenda jikoni kukoroga unga wa vitumbua vya mtu mmoja, kipimo ambacho mpaka leo sijakipatia. Kilinishuka mpaka mapajani. Hakikuwa na nembo, wala jina, wala kikosi, hakikuvunja adabu ya mtu yeyote, kwa hiyo hapana atakayekuja kunivua.